Fomu ya Saa

Nimepewa fomu mia mbili na kalamu moja
nizungushe Mabela, nyumba kwa nyumba:
Je, wakubali saa isogezwe mbele miezi ya joto?
Ndiyo. Hapana. Sina maoni.
Chini yake msitari mmoja, Mengineyo,
usiotosha hata jina la mtu na babaye.

Bi Shinuna hakuhangaika na miwani.
"Saa moja tu? Hiyo ndiyo iliyowatoa ofisini?
Mimi naishi na tofauti ya saa sita
tangu nilipoteremka Matrah na masanduku matatu,
wala hakuna aliyeniletea karatasi."
Ukutani kwake akrabu fupi iko kwenye nne;
simu ya mjukuu wake yasema kumi.
Zote mbili zasema kweli. Chai ni ileile.

Muhanna wa basi la skuli alitia alama Ndiyo
kabla sijamaliza salamu.
Alfajiri, anasema, usukani unashikika;
saa saba mchana anauzungusha kwa ncha za vidole
kama mtu anayegeuza chapati bila kijiko.
Zamzam, mkewe, akampokonya kalamu:
"Na watoto atawaamsha nani? Wewe?
Hapa watu huanza kuishi baada ya isha.
Bembea za bustanini huguswa saa tano za usiku
maana mchana chuma chake kinababua.
Sogezeni saa, usingizi hausogei."
Nikawaachia fomu mbili. Wakaomba ya tatu,
ya mama mkwe, aliye Ibra na hajui lolote.

Dada yangu wa Lesta alicheka kwenye simu.
Kwao huibadilisha mara mbili kwa mwaka,
na jiko lake halijui kujibadilisha,
kwa hiyo nusu ya mwaka linasema uongo
na wao hupika vivyo hivyo.

Baba naye akaleta habari za falaji,
zamu ya maji iliyopimwa kwa kijiti na kivuli.
Nikamuuliza: siku hizo hamkugombana?
Akanyamaza kidogo.
"Tuligombana zaidi. Kila mtu na kivuli chake."

Saa sita na nusu, kiwanja cha jengo la orofa nne.
Nyundo zimelala, ndiyo amri ya majira haya,
hakuna kazi juani mpaka saa tisa na nusu.
Jahangir amelaza mgongo kwenye zege lenye kivuli,
kofia ya plastiki usoni.
Aliniuliza, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
ile karatasi ni ya nini. Nikamweleza.
Akakaa kitako.
"Mkiisogeza, na mapumziko yatasogea?
Kwa sababu jua halitasogea.
Saa tisa na nusu yenu mpya
itakuwa nane na nusu ya kichwa changu."

Nilitazama fomu. Kisanduku cha kwanza kabisa
kinataka nambari ya uraia.
Nikafungua chupa yangu ya maji, nikampa,
kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa,
naye akanywa nusu, akanirudishia nusu.

Jioni nikajaza ya kwangu.
Maneno ya Jahangir yalimaliza msitari,
yakapanda pembeni, yakazunguka juu ya nembo,
yakateremka upande wa pili.
Bwana Thuwaini aliigeuzageuza kama ramani.
"Pembeni mashine haisomi," akasema,
si kwa ubaya; yeye mwenyewe huchoka saa hizo.
Akaiweka kando, mbali na bunda.
Mpaka leo sijui kando ile ni wapi.

Ya Bi Shinuna ndiyo iliyobaki. Nikaifuata.
Ilikuwa mezani, chini ya birika,
na duara la chai limetua, kahawia, kamili,
juu ya kisanduku cha Sina maoni.
"Hiyo si mimi," akasema, akinisogezea kikombe.
"Hiyo ni birika. Andika hivyo."